Sanamu ya Mfalme na Kalibu ya Risasi

Wale mlio darasani, sogeeni karibu na redio ili kila mtu asikie. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: risasi, kusubu, kalibu, chubwi.

Neno la kwanza, risasi, mnalijua nyote. Lakini lina maana mbili. Kwanza ni jina la madini, yale mazito ya rangi ya kijivu yaliyomo ndani ya betri za magari. Pili ni ile punje inayotoka katika mtutu wa bunduki. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni jina la madini. Punje ya bunduki iliitwa risasi kwa sababu ilitengenezwa kwa madini hayo. Ili tusichanganyikiwe, leo nikisema "risasi" peke yake nasema juu ya madini. Nikitaka zile punje nitasema "risasi za bunduki".

Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina ndani ya kitu chenye nafasi, mpaka yapoe na kuchukua umbo la nafasi ile. Kitu hicho chenye nafasi ndicho kalibu. Na chubwi, wavuvi wa pwani mnalijua vizuri: ni kipande cha risasi kinachofungwa kwenye mshipi ili ndoana izame.

Leo tutasoma habari za familia moja ya Marekani iliyosubu risasi za bunduki nyumbani kwake mwaka 1776. Tutaona kazi yenyewe ilivyokuwa, na tutaona hatari mbili zilizokuwamo. Hatari ya kwanza mtu huiona kwa macho, na ikimpata anapiga kelele. Ya pili haina kelele. Hiyo ya pili ndiyo nitakayoizungumza zaidi, kwa kuwa imo hata leo katika nyumba nyingi za Afrika ambamo hakuna bunduki.

Kwanza tuulize: kwa nini kazi hii iliweza kufanywa nyumbani? Chuma hakiyeyuki mpaka moto ufike nyuzi zaidi ya 1,500 za sentigredi. Shaba huhitaji nyuzi 1,085. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu. Moto wa kuni wa jikoni watosha. Tena risasi ni laini, waweza kuikwaruza kwa ukucha, na shoka la kuni huikata. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kiwanda wala fundi aliyesomea. Mtu yeyote mwenye chungu cha chuma, kijiko kirefu na kalibu aliweza kuanza asubuhi na jioni akawa na mfuko umejaa. Wepesi huo umewadanganya watu wengi, tangu zamani hata sasa.

Basi, twende New York. Wakati ule Marekani haikuwa nchi bado. Yalikuwako makoloni 13 chini ya Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Mwaka 1765 serikali ya Uingereza iliweka kodi juu ya karatasi: magazeti, hati za mahakama, hata karata za kuchezea. Watu walikasirika sana. Mwaka uliofuata kodi ile ikaondolewa, na watu wa New York wakafurahi mno hata wakaagiza sanamu ya mfalme kutoka London. Aliyeitengeneza ni fundi mmoja jina lake Joseph Wilton. Ilimwonyesha mfalme amepanda farasi, naye amevaa kama watawala wa Roma ya kale. Ilikuwa ya risasi, ikapakwa dhahabu juu. Ikasimamishwa mwaka 1770 katika uwanja uitwao Bowling Green. Mwaka uliofuata uwanja ukazungushiwa uzio wa chuma.

Furaha ile haikudumu. Zilikuja kodi nyingine na ugomvi mwingine, na mwezi wa Aprili 1775 vita vikaanza. Hapo makoloni wakajikuta katika taabu. Bunduki walikuwa nazo, lakini baruti ilikuwa haba, na risasi vilevile. Zamani risasi yao nyingi ilikuja kwa meli kutoka Uingereza, na sasa Uingereza ndiyo adui. Watu wakaanza kutafuta risasi majumbani mwao. Wakatoa vipande vya risasi katika madirisha, na mawe ya risasi yaliyoning'inia katika saa za ukutani. Kila kitu kizito cha rangi ya kijivu kikatazamwa kwa jicho jipya.

Tarehe 4 Julai 1776 wajumbe wa makoloni, waliokutana mjini Philadelphia, walikubali tangazo la uhuru. Tarehe 9 Julai, jioni, tangazo lile likasomwa mbele ya majeshi mjini New York. Jenerali wao alikuwa George Washington. Baada ya kusomwa, askari na raia wakaenda mbio Bowling Green, wakafunga kamba kwenye ile sanamu, wakaivuta mpaka ikaanguka. Kesho yake Washington alitoa amri ya kuwakemea askari wake. Alikubali kwamba walikuwa na ari, lakini kitendo kile, alisema, kilifanana mno na fujo, na kazi kama ile haikuwa ya askari. Nadhani alisema kweli. Lakini hakuamuru sanamu irudishwe. Ilikuwa na uzito unaokadiriwa kuwa ratli 4,000, yaani karibu kilo 1,800, na nchi ilikuwa na njaa ya risasi.

Si sanamu yote iliyofika kalibuni. Kichwa cha mfalme kilikatwa, watu wakitaka kukitundika kwenye mti mrefu. Waingereza wakakipata kwa siri, wakakipeleka London. Vipande vingine viliibwa njiani na watu waliokuwa bado wampenda mfalme, wakavificha. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1871, vipande kadhaa vilichimbuliwa katika mji wa Wilton, Connecticut. Mkia wa farasi umo katika makumbusho ya historia mjini New York mpaka leo. Uzio wa chuma nao ungali umesimama pale Bowling Green. Mpita njia aweza kuushika kwa mkono.

Risasi iliyobaki ilipakiwa melini mpaka bandari ya Norwalk, kisha ikapandishwa magari ya kukokotwa na ng'ombe mpaka mji mdogo wa Litchfield, ndani ya koloni la Connecticut. Huko ndiko kwa Bwana Oliver Wolcott, mmoja wa wajumbe waliotia sahihi tangazo la uhuru. Katika shamba la matofaha lililokuwa kando ya nyumba yake kikajengwa kibanda. Masimulizi ya familia yanasema Wolcott mwenyewe aliikata sanamu kwa shoka la kuni, na wasichana wakasubu risasi za bunduki kwa furaha, kama watu walio katika mchezo.

Sasa tuitazame kazi yao. Chungu cha chuma kiliwekwa juu ya moto. Vipande vya risasi vikatiwa ndani, vikalainika, vikaanza kung'aa kama maji ya fedha. Juu yake huelea takataka na unga wa kijivu. Huu unga ni kama kutu ya risasi, hutokea madini yanapokutana na hewa yakiwa moto. Aliyesimama chunguni aliuengua kwa kijiko akautupa kando. Ukumbukeni unga huo, ndugu zangu, maana tutarudi kwake. Halafu kuna kalibu. Ilifanana na koleo la mhunzi, mikono miwili na kichwa kilichogawanyika pande mbili. Kila upande ulikuwa na nusu ya shimo la mviringo. Ukizifumba pande zile, shimo zima lapatikana, na juu yake kijitundu. Mmoja anamimina kwa kijiko katika kijitundu, anangoja kidogo, anafungua, na punje moto inaanguka. Kalibu ikiwa baridi, punje hutoka na mikunjo kama ngozi ya mzee, nayo hurudishwa chunguni. Kalibu ikipata moto wa kutosha, punje hutoka laini. Mwisho hukatwa ule mkia mdogo uliobaki pale palipomiminwa.

Lakini kazi haikuishia hapo. Bunduki za siku zile zilikuwa za gumegume, zikijazwa kwa mdomo wa mtutu. Ili askari asipoteze wakati, risasi ya bunduki na kipimo cha baruti vilifungwa pamoja ndani ya karatasi iliyosokotwa. Furushi hilo dogo wazee wetu waliliita kiasi. Askari alirarua kiasi kwa meno, akamimina baruti, akasukuma risasi, akapiga.

Wolcott aliandika hesabu ya viasi vilivyotengenezwa, na karatasi ile haikupotea. Mwalimu wa darasa, andika ubaoni tarakimu hizi, na wanafunzi mzijumlishe katika madaftari yenu. Bibi Marvin, viasi 6,058. Ruth Marvin, 11,592. Laura, binti Wolcott, 8,378. Mary Ann, binti Wolcott, 10,790. Frederick, mwana wa Wolcott, 936. Bibi Beach, 1,802. Watu wengine mbalimbali, 2,182. Walivyopewa askari wa mji wa Litchfield wakati wa hatari, 50. Walivyopewa kikosi kimoja cha jeshi, 300.

Mmepata ngapi? Jumla ni 42,088. Aliyepata hivyo amejumlisha sawasawa na Bwana Wolcott. Tukisema kila risasi ya bunduki ilikuwa na uzito wa wakia moja tu, basi mle kibandani zilipita ratli zaidi ya 2,600 za risasi, nayo ilipita mikononi mwa watu wachache sana.

Tena tazameni umri wao. Laura alizaliwa mwaka 1761, kwa hiyo alikuwa msichana wa miaka 15 hivi. Mary Ann alizaliwa mwaka 1765: miaka 11. Frederick alizaliwa mwaka 1767, hata miaka 10 hakuwa nayo. Viasi vyake 936 vyanifanya nicheke kidogo, maana mtoto wa umri ule huchoka upesi na kwenda kucheza. Lakini dada yake wa miaka 11 alifanya zaidi ya 10,000.

Sasa tuje kwenye hatari ya kwanza. Ni moto na maji. Risasi iliyoyeyuka ina joto la zaidi ya nyuzi 327. Maji huchemka kwa nyuzi 100. Tone moja la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo hutaka nafasi kubwa kuliko tone lile kwa zaidi ya mara 1,600. Kwa kuwa hauna pa kutokea, hurusha risasi yote iliyo juu yake, ikaruka kama mafuta ya moto yanayonyunyiziwa maji, ila risasi ni nzito na hushika ngozi. Macho huweza kuharibika papo hapo. Ndiyo sababu wasubuji wa zamani walikausha kila kitu kwanza: kijiko, kalibu, vipande vyenyewe. Kipande kilicholala nje usiku kina umande katika nyufa zake. Kikitiwa chunguni kikiwa na unyevu, chungu chaweza kulipuka. Hatari hii watu waliijua, kwa sababu aliyeungua hakuhitaji daktari wa kumweleza kilichomwunguza.

Hatari ya pili ni risasi yenyewe kuingia mwilini. Risasi ni sumu. Haiunguzi ulimi, haina harufu ya kumwonya mtu, na haimwangushi siku ileile. Huingia kidogo kidogo, na mwili huutoa mzigo huo polepole mno. Sehemu kubwa hujificha katika mifupa, ikakaa humo miaka mingi, hata miaka makumi. Mtu mzima aliyejaa risasi hupata msokoto mkali wa tumbo, kufunga choo, upungufu wa damu, maumivu ya viungo. Akizidi, mishipa ya fahamu huharibika na viganja vya mikono hulegea, akiinua mkono kiganja chaning'inia. Mama mwenye mimba humpitishia mtoto aliye tumboni.

Mtoto mdogo ndiye mwenye hatari kubwa kuliko wote. Mwili wake hufyonza risasi iliyomezwa mara 4 au 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Sumu kidogo ambayo haimwonyeshi ugonjwa wowote kwa nje yaweza kumpunguzia akili ya kujifunza, na akili hiyo hairudi. Ikizidi huleta degedege na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Je, mwaka 1776 watu hawakujua? Hapa historia inatupa jambo la kushangaza. Walikuwako waliojua. Miaka zaidi ya 1,700 kabla ya siku zile, mjenzi wa Roma aitwaye Vitruvius aliandika kwamba mafundi wa risasi wana rangi mbaya ya mwili, na akashauri maji yapitishwe katika mabomba ya udongo badala ya mabomba ya risasi. Katika Marekani hiyohiyo, mwaka 1723, koloni la Massachusetts lilipiga marufuku mitambo ya pombe yenye vichwa na mabomba ya risasi, kwa sababu pombe yake iliwapa wanywaji msokoto wa tumbo na kupooza.

Na mjumbe mwingine aliyetia sahihi tangazo la uhuru, Bwana Benjamin Franklin, alijua kwa mwili wake mwenyewe. Franklin alikuwa mpiga chapa. Enzi zile kila herufi ya kitabu ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi. Mpiga chapa alizipanga herufi kwa vidole moja moja, akapaka wino, akagandamiza karatasi. Mwaka 1724, akiwa kijana London, Franklin alikuwa na desturi ya kuzipasha moto herufi zilizooshwa ili zikauke, na wakati wa baridi akafurahia kuzishika zikiwa na joto. Mzee mmoja aliyefanya naye kazi akamwonya aache, kwani wengine waliofanya hivyo walipoteza nguvu za mikono. Franklin akaacha, maana alikuwa ameanza kusikia maumivu mikononi.

Katika mtaa uleule palikuwa na watu waliosubu herufi. Franklin alitaka kujua kama moshi wa madini ndio uliodhuru. Akaambiwa kwamba huenda si moshi, bali ni uchafu wa wafanyakazi wasionawa mikono vizuri: chembe za madini hushika vidoleni, vidole hushika mkate, na mkate huliwa. Franklin aliona maneno hayo yana akili, ingawa aliendelea kuuogopa moshi. Mambo hayo yote aliyaandika katika barua ya mwaka 1786, alipokuwa na miaka 80. Akasikitika humo kwamba ukweli wenye manufaa waweza kujulikana muda mrefu sana kabla watu hawajaanza kuufuata.

Yule mtu wa London alikuwa amekaribia sana. Sasa twajua kwamba wote wawili walikuwa na haki. Moto ukizidi mno, risasi hutoa moshi wenye sumu, na moshi huo huingia mapafuni. Lakini moto ukiwa wa kiasi, moshi ni mchache kuliko watu wengi wanavyodhani, na adui mkubwa ni ule unga wa kijivu niliowaambia mwukumbuke. Ni mwepesi. Unapoenguliwa na kutupwa, hupeperuka. Hukaa juu ya nguo, nywele, meza, mchanga wa uani, na kwenye vidole. Kutoka vidoleni hadi mdomoni ni safari fupi, na ya mtoto ni fupi zaidi.

Rudini sasa katika shamba la matofaha la Litchfield. Kwa bahati, kazi ile ilifanywa katika kibanda cha nje wala si jikoni, na hilo lilikuwa jema sana, hata kama kibanda kilijengwa kwa sababu nyingine. Moshi ulipata pa kwenda na unga haukujaa sakafu ya nyumba. Lakini baadhi ya wasubuji walikuwa watoto, kazi ilikuwa nyingi, na kila kiasi kilishikwa na vidole vyao vitupu. Hesabu ya Bwana Wolcott yatuonyesha viasi tu.

Baada ya hapo kazi ya kusubu ilianza kutoka majumbani. Mwaka 1782 fundi mmoja wa Bristol, Uingereza, William Watts, alipata hati ya serikali kwa njia yake mpya. Aliyeyusha risasi juu ya mnara, akaipitisha katika chujio, na matone yakashuka kama mvua. Yakiwa hewani yalijiviringa yenyewe, yakaangukia katika maji chini yakiwa punje ngumu. Risasi ilipoingia viwandani, ugonjwa wake uliingia nao. Ila kiwandani wagonjwa huwa wengi mahali pamoja, na wanaweza kuhesabiwa. Uingereza ikawataka madaktari waandikishe kila mfanyakazi wa kiwanda aliyeugua kwa risasi. Marekani ilichelewa. Ni mwaka 1910 tu daktari mwanamke, Alice Hamilton, alipoanza kuchunguza viwanda vya jimbo la Illinois. Hakukaa ofisini. Alikwenda viwandani, akasoma vitabu vya hospitali, akabisha hodi katika nyumba za wafanyakazi, akawauliza wake zao. Hivyo akapata wagonjwa ambao wenye viwanda walisema hawapo.

Ndugu wasikilizaji, huenda mwauliza, sisi tunahusikaje? Sheria zetu hapa Afrika Mashariki hazimruhusu mtu kutengeneza risasi za bunduki nyumbani pasipo kibali, na sitaki mtu ajaribu. Lakini risasi yenyewe ingali inasubiwa katika nyua zetu. Chubwi la mvuvi ni risasi. Vipande vizito vinavyoizamisha nyavu ni risasi. Na risasi hiyo mara nyingi hutoka katika betri kuukuu za magari.

Sikilizeni yaliyotokea Senegali, katika mtaa wa Thiaroye sur Mer, karibu na Dakar. Ni mtaa wa wavuvi. Kwa miaka mingi wahunzi walivunja betri kuukuu, wakayeyusha risasi yake, wakatengeneza vizito vya nyavu. Takataka na unga vilibaki mchangani. Baadaye bei ya risasi ilipanda, na wanawake wakaanza kuuchekecha mchanga ule ili wapate vipande vya kuuza. Walikaa chini, watoto wachanga mgongoni, na wengine walipeleka mchanga nyumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Watu walifikiri ni malaria au homa ya uti wa mgongo. Damu ya ndugu zao na ya mama zao ilipopimwa, ilikutwa na risasi nyingi kupita kiasi.

Mombasa pia mwajua habari za mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kilianza kazi kando ya nyumba za watu mwaka 2007, kikafungwa mwaka 2014. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi ikaendelea mpaka Mahakama ya Juu.

Kwa hiyo mvuvi au fundi anayesubu, na asemaye hawezi kuiacha kazi hii, asikilize yale ambayo watu wa Litchfield hawakuambiwa. Asivunje betri. Ndani yake mna tindikali na unga mwingi wa sumu; betri ipelekwe kwa wanunuzi wenye kibali. Kazi ifanyike nje, mbali na nyumba na kisima, upepo ukimpiga mgongoni asiuvute moshi. Mvua ikinyesha aache. Kila kitu kiwe kikavu, naye avae viatu vilivyofunika miguu, glavu za ngozi na miwani. Moto usizidi ule wa kuyeyusha tu. Unga aliouengua auweke ndani ya kopo la bati lenye kifuniko, asiumwage shimoni wala uani. Sufuria iliyoyeyusha risasi isirudi jikoni kamwe, hata ikisuguliwa ikang'aa. Hili nalisisitiza kwa akina mama, maana sufuria nzuri hutamanisha.

Asile, asinywe, asivute sigara mpaka amenawa kwa maji na sabuni. Kunawa maji matupu hakutoshi. Nguo za kazi avue kabla hajaingia ndani, zifuliwe peke yake, na asimpakate mtoto kabla hajavua. Watoto na wanawake wenye mimba wasiwepo kabisa, hata kutazama. Watoto hupenda kutazama moto; wapewe kazi nyingine.

Na yule aliyekwisha kusubu uani miaka mingi, naye ana watoto wanaocheza pale, asingoje mtoto augue. Aende hospitali aseme wazi kwamba nyumbani huyeyusha risasi, aulize kama damu ya watoto yaweza kupimwa. Mganga asipoambiwa, atatafuta malaria kwanza, kama ilivyokuwa kule Thiaroye.

Mwalimu wa darasa sasa ataendelea nanyi. Wanafunzi, ambieni darasa ni vitu gani vya risasi mlivyo navyo nyumbani, na vinawekwa wapi. Kwaherini.